Baba Kijana, Binti Mzee: Hukumu Yetu juu ya Sinema «Interstellar»



Katika parokia zetu za Maniema sinema haziji tena kwa gari la misioni na kitambaa cheupe kilichofungwa kati ya miti miwili. Siku hizi zinakuja ndani ya simu. Vijana wanapeana wao kwa wao, wanazitazama usiku, na asubuhi wanaleta maswali yao kwa katekista. Sinema moja kati ya hizo yaitwa «Interstellar». Aliyeitengeneza ni Christopher Nolan. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2014, nayo ina urefu wa dakika 169. Kiini cha habari yake ni hiki: baba aliyesafiri mbali angani anarudi angali na nguvu zake zote, na binti aliyemwacha akiwa mtoto wa miaka kumi amelala kitandani, bibi kizee, akingoja kufa.

Huku Obokote twasikia hukumu mbili juu ya sinema hii. Wengine wanasema: «Ni uongo mtupu. Saa ni saa, na mwaka ni mwaka.» Wengine, na kati yao wamo wahubiri wa njiani, wanasema: «Sasa wataalamu wameithibitisha Biblia! Mtume Petro aliandika juu ya siku moja na miaka elfu mbele ya Mungu, na leo tumeyaona kwa macho.» Kwa maoni yetu hukumu hizi zote mbili si za haki. Ya kwanza yadharau akili tuliyopewa na Mungu. Ya pili yaiweka imani juu ya msingi usio wake, na siku msingi huo utakapotikisika, nyumba nayo itatikisika. Kwa hiyo tuichunguze sinema hii kwa maswali matatu: Je, inalosema ni kweli? Je, imesimuliwa vema? Je, Mkristu atafaidika nayo?

HABARI YENYEWE

Dunia imechoka. Mazao yanakufa kwa ugonjwa, mavumbi yanafunika nyumba, na watu wamebakiwa na mahindi tu. Mkulima mmoja, Cooper, aliyekuwa zamani rubani, anaombwa kuongoza chombo cha angani kwenda kutafuta dunia nyingine. Ni mjane, ana mwana, Tom, na binti, Murph. Binti anamlilia asiende. Baba anampa saa ya mkono iliyo sawa na yake mwenyewe, anamwambia kwamba watazilinganisha siku atakaporudi, na anaahidi kwamba atarudi.

Huko mbali wanakuta sayari ya maji iliyo karibu na shimo jeusi, yaani nyota iliyoanguka ndani yake yenyewe, yenye uvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Kwenye sayari hiyo saa moja ni sawa na miaka saba ya duniani. Wanashuka wakitaka kukaa kitambo kidogo tu. Wimbi kubwa linawakawisha, na mmoja wao anakufa. Wanaporudi katika chombo kikubwa, mwenzao Romilly, aliyebaki akiwangoja, ameota mvi: kwake imepita miaka 23. Cooper anaketi mbele ya kioo na kutazama salamu zote ambazo watoto wake walimtumia katika miaka hiyo. Mwishoni, baada ya mambo mengi, anapatikana akiwa hai. Kwa hesabu ya duniani umri wake ni miaka 124, lakini mwili wake ni wa mtu wa makamo.

JE, NI KWELI?

Kwanza tuondoe kosa moja linalotokea kwetu Kongo. Mtu akipanda ndege Kindu kwenda Kinshasa, akifika anarudisha mshale wa saa yake nyuma kwa saa moja, kwa sababu Maniema yafuata saa ya Lubumbashi, na Kinshasa ina saa yake. Je, amekuwa kijana zaidi kwa saa moja? Hapana. Hayo ni mapatano ya watu na ya serikali ili jua la adhuhuri liwe karibu na saa sita kila mahali. Jambo la sinema ni jingine kabisa: si mshale uliorudishwa kwa kidole, bali mwendo wenyewe wa wakati.

Kulifahamu, tufikiri mtu anayevuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Kindu kwenda Alunguli. Ndani ya mtumbwi anarusha chungwa juu na kulidaka. Yeye analiona likipanda na kushuka wima. Lakini aliye ukingoni analiona likienda mshazari, maana mtumbwi unakwenda. Njia ya chungwa machoni pake ni ndefu zaidi. Hapo hakuna ajabu: mwendo wa mtumbwi umeongezwa kwenye mwendo wa chungwa. Sasa tuweke nuru mahali pa chungwa, ipande na kushuka kati ya vioo viwili, na kila kurudi kwake kuwe ni pigo moja la saa. Nuru haikubali kuongezwa mwendo. Kila anayeipima, asimame au aende, anakuta ileile, kilomita karibu 300 000 kwa sekunde. Basi kwa mtu wa ukingoni njia ya nuru ni ndefu zaidi na mwendo wake ni uleule. Kwa hiyo kila pigo linachelewa. Saa iliyo mtumbwini inakwenda polepole kuliko yake. Hayo ndiyo aliyoyaeleza Albert Einstein mwaka 1905. Baadaye akaongeza jambo la pili: uvutano nao huchelewesha wakati. Aliye karibu na kitu kizito sana, wakati wake huenda polepole kuliko wa aliye mbali nacho.

Mwaka 1911 Mfaransa Paul Langevin alitoa mfano wa msafiri anayekwenda kwa mwendo ulio karibu sana na ule wa nuru: anasafiri miaka miwili, kwenda na kurudi, na akirudi anakuta duniani imepita miaka mia mbili. Sinema ya Nolan, basi, haikubuni mfano huu, imeurithi.

Msomaji atauliza: «Lakini nani amepima?» Wamepima. Mwezi wa Oktoba 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walichukua saa nne za atomi ndani ya ndege za abiria wakaizunguka dunia, safari moja kuelekea mashariki, nyingine kuelekea magharibi. Saa zilizokwenda mashariki zilichelewa kwa sehemu 59 za bilioni ya sekunde. Zilizokwenda magharibi zilitangulia kwa sehemu 273, kwa maana dunia nayo inazunguka kuelekea mashariki, na mwendo wake unaingia katika hesabu.

Na simu inayotuonyesha mahali tulipo inategemea jambo hilohilo. Satelaiti za GPS zinaizunguka dunia katika urefu wa kilomita kama 20 200. Kwa sababu ya mwendo wao, saa zao zinachelewa kila siku kwa sehemu 7 za milioni ya sekunde. Kwa sababu uvutano wa dunia ni mdogo huko juu, zinatangulia kwa sehemu 45. Tofauti ni 38. Kama mafundi wasingezisahihisha, kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita kumi kila siku, na rubani anayeutafuta uwanja wa Kindu angepotea juu ya msitu. Basi asemaye kwamba saa ni saa popote, simu iliyo mfukoni mwake inamkanusha.

Je, watu wenyewe wanaosafiri angani? Hao hukaa karibu zaidi na dunia, kama kilomita 400, na kwao mwendo unashinda. Kwa hiyo wanarudi wakiwa vijana zaidi yetu kidogo. Scott Kelly wa Marekani alikaa huko siku 340, kutoka mwaka 2015 hadi 2016, akimwacha duniani pacha wake Mark. Tofauti aliyoipata kwa safari hiyo haikufika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Mrusi Oleg Kononenko, ambaye kufikia mwaka 2024 alikuwa amekaa angani siku zaidi ya 1100 kwa safari zake zote, amepata chini ya sehemu tatu za mia ya sekunde. Kope za macho yetu hazifungwi na kufunguliwa kwa upesi huo.

Juu ya mashimo meusi, Waswahili tunalo jambo la kukumbuka. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti moja ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kutazama miale ya eksirei itokayo mbinguni. Mojawapo ya vitu ilivyovichunguza ni kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wataalamu walikuja kukikubali kuwa shimo jeusi. Jina la lugha yetu liliandikwa mapema katika elimu hii.

Basi, kweli au uongo? Msingi ni kweli. Mshauri wa sinema alikuwa Kip Thorne, mtaalamu aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2017, naye alipiga hesabu ili saa moja iweze kuwa miaka saba. Lakini ilimbidi afikiri shimo jeusi linalozunguka karibu na mwisho wa kasi inayowezekana, na sayari ya namna hiyo haijapata kuonekana na mtu yeyote. Kati ya sehemu ya mia ya sekunde na miaka 23 pana umbali mkubwa. Sinema imetumia haki ya msimuliaji: imechukua kitu kidogo cha kweli ikakikuza mpaka macho yetu yakione.

JE, IMESIMULIWA VEMA?

Mahali bora pa sinema nzima ni pale Cooper anapotazama salamu za watoto wake. Hakuna mawimbi wala moto. Mtu ameketi, na mbele yake mwanawe anakua, anaoa, anapata mtoto, anamzika mtoto huyo, anachoka kungoja. Kisha anatokea Murph, ambaye hakuwahi kutuma neno, na kumwambia kwamba leo ametimiza umri aliokuwa nao baba siku aliyoondoka. Hapo sinema inatufundisha kwa dakika chache jambo ambalo hesabu haziwezi kulitia moyoni: wakati wa wengine haungoji wetu. Aliyelifikiri tendo hili ni msimuliaji wa kweli.

Lakini tuna mashitaka mawili.

La kwanza ni kwamba sinema inawasahau wanaongoja. Romilly alikaa peke yake miaka 23 katika chombo kitupu. Je, alisema nini na nafsi yake usiku? Alikata tamaa mara ngapi? Sinema inampa maneno machache tu, kisha inaendelea na mashujaa wake. Na Tom, mwana mkubwa, aliyebaki shambani, aliyelima mavumbi, aliyemzika babu yake na mtoto wake, na aliyetuma salamu kwa miaka mingi wakati dada yake amenuna: mwishoni Cooper hamuulizii hata kwa neno moja. Ni kosa kubwa la usimuliaji, na tena ni kosa la moyo. Baba wa mfano ule wa Injili alikuwa na wana wawili, naye alitoka nje kuzungumza na yule aliyebaki shambani pia.

La pili ni kule kurudi kwenyewe. Cooper anaingia chumbani kwa Murph. Kitanda kimezungukwa na watoto na wajukuu wake, damu ya Cooper mwenyewe, watu ambao bila safari yake wasingezaliwa. Hawasalimu. Hawaulizi majina. Murph anamwambia kwamba si haki mzazi amwone mtoto wake akifa, naye anaondoka upesi kwenda angani tena. Kwetu mzee akirudi baada ya miaka mingi, wajukuu wanaletwa mbele yake mmoja mmoja, anatajiwa jina la kila mtoto na la aliyemzaa, naye anawawekea mkono kichwani. Hapo ndipo safari inapokwisha. Safari ya Cooper haikwishi, na tunashuku kwamba mtengenezaji alizipenda nyota kuliko nyumba.

Tukilinganisha na hadithi za kale tutaona upungufu huo zaidi. Wakristu wa zamani walisimulia habari za vijana saba wa Efeso, waliojificha pangoni wakati wa dhuluma ya Kaisari Decius, katika karne ya tatu, wakalala, wakaamka wakati wa Kaisari Theodosius wa Pili, katika karne ya tano. Mmoja akaenda mjini kununua mkate, na fedha yake ya kale ikamtambulisha. Ndugu zetu Waislamu wa Kindu na Kasongo nao wanaijua habari ya watu wa pangoni, maana imo katika Kurani. Yuko pia yule mtawa aliyesikiliza wimbo wa ndege msituni, akadhani imepita saa moja. Aliporudi, bawabu wa monasteri hakumjua, kwa kuwa imepita miaka mia tatu. Maurice de Sully, askofu wa Paris katika karne ya kumi na mbili, aliisimulia katika mahubiri yake. Hadithi hizo hazina hesabu, lakini zinajua kwa nini wakati umepita: katika ya kwanza Mungu anaonyesha kwamba miili itafufuka; katika ya pili mtawa ameonja kidogo furaha ya mbinguni. Tena mtawa hakuacha mtoto aliyemngoja mlangoni. Cooper aliacha wawili.

JE, MKRISTU ATAFAIDIKA?

Turudi kwa wahubiri wanaosema kwamba sinema hii, au Einstein, amemthibitisha Petro. Tunawaomba watulie. Petro hakuwa akifundisha habari za saa. Alikuwa akiwafariji Wakristu waliochoka kungoja kurudi kwa Bwana, akiwaonyesha kwamba Mungu hachelewi, bali ana uvumilivu, kwa kuwa anataka watu watubu. Na uzima wa milele si wakati unaokwenda polepole. Kama ungekuwa hivyo, Mungu angekuwa msafiri mwenye kasi tu, naye angekuwa chini ya wakati kama sisi. Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, alifundisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu pamoja na wakati wenyewe. Yeye hayumo ndani ya wakati kama samaki ndani ya mto. Msafiri wa Langevin, hata akienda kasi namna gani, bado ni samaki mtoni.

Tunaye mwalimu mwema katika jambo hili: Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyepadirishwa mwaka 1923 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain. Ndiye aliyeonyesha mwaka 1927, kwa hesabu za Einstein, kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akaeleza kwamba ulianza katika kitu kimoja kama atomi ya kwanza. Mwezi wa Novemba 1951 Papa Pio XII, akihutubia Akademi ya Kipapa ya Sayansi, alisema maneno yaliyoonekana kuitumia elimu hiyo kama ushuhuda wa uumbaji. Je, Padri Lemaître alifurahi? La, alihangaika. Alijua kwamba nadharia ya wataalamu yaweza kubadilika kesho, na imani ya Kanisa haifai kufungwa kwenye mkia wake. Kwake nadharia hiyo haikumlazimisha mtu kuamini, wala haikumzuia. Yeye na Padri O'Connell, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota ya Vatikano, walitoa ushauri wao. Na Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota mwaka 1952 hakuyarudia maneno hayo. Ikiwa padri aliyeivumbua elimu hakutaka itumiwe kama fimbo ya kuwapigia wasioamini, sisi tulioiona katika simu tutaitumiaje?

Liko kosa la imani ndani ya sinema yenyewe. Safari za angani zimeitwa Lazaro, jina la mtu aliyefufuliwa na Bwana wetu. Lakini katika sinema wokovu unatoka kwa wanadamu wa wakati ujao, ambao Cooper anaamini kwamba ndio waliofungua njia. Yaani Lazaro anajiita mwenyewe kutoka kaburini. Vijana walione hilo. Hata hivyo sinema inakiri kwamba upendo wa baba na binti hauvunjwi na umbali wala na miaka, na hapo, hata bila kujua, inakaribia mlango wetu.

Faida kubwa, kwa maoni yetu, ni kwa akina baba. Hapa kwetu wanaume wanaondoka kwenda kuchimba kasiterite Punia au Kalima, au kutafuta dhahabu mbali zaidi. Wanaahidi miezi miwili, na inakuwa miaka. Huko Punia hakuna shimo jeusi, kuna mashimo tu. Saa ya mchimbaji na saa ya mkewe zinakwenda sawasawa. Lakini mchimbaji naye anarudi akimtafuta mtoto wa kubebwa mgongoni, na anamkuta kijana anayemwamkia kama mgeni. Cooper alizuiliwa na mlima wa maji na uvutano wa nyota. Wengi wetu tunazuiliwa na pombe, na mwanamke wa pili, na aibu ya kurudi mikono mitupu. Kwa hao tunasema: rudi hata mikono mitupu. Na kabla ya kurudi, tuma neno. Tom alituma salamu miaka mingi asijue kama zinafika. Simu yako inafika.

HUKUMU

Sinema hii haina mambo machafu. Wakubwa na vijana waliokwisha kupata Kipaimara wanaweza kuitazama, watoto wadogo hawataielewa. Hesabu zake zina msingi, ingawa zimekuzwa. Picha zake ni nzuri sana. Moyo wake umegawanyika kati ya nyota na nyumba. Wanaoitazama pamoja katika jumuiya wazungumze baadaye juu ya maswali haya: Cooper alikuwa na haki ya kuahidi jambo lisilokuwa katika uwezo wake? Kwa nini hakumuulizia Tom? Na katika kijiji chetu, ni nani anayengoja sasa, na ni nani kati yetu anayeweza kumpelekea habari?